Presha ya Damu: Jinsi Mishipa Inavyoharibika Ndani kwa Ndani

Mkulima, unajua vizuri kwamba plau ikiachwa nje wakati wa masika hushika kutu. Unajua pia kwamba siagi ikikaa siku nyingi bila kufunikwa huchacha, na kiazi kikikatwa na kuachwa mezani hugeuka rangi. Mambo haya matatu ni ya namna moja. Oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa tunayoivuta ili tuishi, imekishika chuma, imeishika siagi, imekishika kiazi, ikavigeuza. Makala haya yaeleza jinsi jambo linalofanana na hilo linavyotokea ndani ya mishipa ya damu, na jinsi linavyozidisha ugonjwa wa shinikizo la damu, ambao wengi wetu twauita presha.

Labda utauliza, kwa nini gazeti la wakulima liandike habari za mishipa ya watu? Sababu ni kwamba shamba la skimu hutegemea mikono ya watu wa nyumba moja. Mwenye shamba akipatwa na kiharusi akapooza upande mmoja, ng'ombe bado wanataka kukamuliwa, palizi haingoji, na marejesho ya mkopo yana tarehe yake. Uchunguzi wa Serikali wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mmoja katika kila watu wazima 4 wa Kenya ana presha ya juu, na kwamba zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamepimwa hata mara moja maishani.

Iko sababu ya pili. Siku za soko utaona chupa na unga wa kila namna, na muuzaji akisema kwamba dawa yake "husafisha mishipa" au "huondoa sumu ya oksijeni". Maneno yake yana chembe ya ukweli, na hiyo chembe ndiyo inayofanya watu watoe pesa. Yafaa basi kila mkulima ajue ukweli ni upi na unaishia wapi.

MSHIPA SI BOMBA TU

Mtu akiona mifereji ya mpunga kule Mwea, au bomba la maji linaloteremka kutoka kwenye tangi, hudhani kwamba mishipa ya damu ni hivyo hivyo: moyo ndio pampu, na mishipa ni mabomba. Mfano huu si mbaya, lakini haukamiliki. Bomba halina uhai. Upana lilionunuliwa nao dukani ndio utakaokuwa nao mpaka litupwe. Mshipa wa damu ni kitu hai. Hujipanua na kujibana mchana na usiku, kwa kadiri ya haja ya mwili.

Mshipa unaotoa damu moyoni una tabaka tatu. Nje kuna ala ngumu ya kuulinda. Katikati kuna msuli, nao ndio unaoubana au kuulegeza mshipa. Ndani kabisa, pale damu inapopita, kuna utando mwembamba sana, unene wake ni wa seli moja tu. Zamani wataalamu walidhani kwamba utando huu ni kama rangi iliyopakwa ndani ya debe, yaani hauna kazi ila kuzuia damu isivuje. Walikosea, kama tutakavyoona.

Kwanza tuone kwa nini upana wa mshipa ni jambo kubwa. Mshipa mdogo ukipungua upana wake hata kufika nusu, ugumu wa kupitisha damu hauongezeki mara 2 wala mara 4, bali mara 16. Kwa hiyo mabadiliko madogo sana katika mishipa midogo ya mwili yatosha kuulazimisha moyo kusukuma kwa nguvu nyingi kupita kiasi. Nguvu hiyo ya damu ikisukuma kuta za mishipa ndiyo ipimwayo kwa mashine, nayo ndiyo tuiitayo presha.

GESI INAYOLEGEZA MSHIPA

Mwaka 1980, Bwana Robert Furchgott, mtaalamu wa dawa huko New York, Marekani, alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa akichunguza vipande vya mshipa wa sungura. Akikitia kipande dawa iitwayo asetilikolini, mara kililegea na mara kilijikaza. Dawa ilikuwa ile ile. Baada ya kuchunguza sana aligundua kwamba vipande vilivyokataa kulegea ni vile ambavyo utando wake wa ndani ulikuwa umekwanguliwa wakati wa kuvitayarisha. Penye utando, mshipa ulilegea. Pasipo na utando, ulijikaza.

Maana yake ni kwamba dawa ile haikuuambia msuli neno lolote la kulegea. Iliuambia utando, na utando ndio uliopeleka ujumbe kwa msuli. Kufikia mwaka 1987 ilikuwa imejulikana kwamba ujumbe huo ni gesi, jina lake nitriki oksaidi. Gesi hii hutengenezwa na utando wenyewe, huingia katika msuli ulio karibu, huulegeza, kisha hupotea kwa muda wa nukta chache. Mwaka 1998 Bwana Furchgott, pamoja na wenzake Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa Tuzo ya Nobel kwa ajili ya kazi hiyo.

Kulegeza mshipa si kazi pekee ya gesi hii. Huzuia pia chembe za kugandisha damu zisishikamane na ukuta wa mshipa, na huzuia msuli wa mshipa usinenepe ovyo. Kwa kifupi, utando wenye afya ni kama msimamizi mwema wa maji katika skimu: hufungua lango kila panapohitajika maji, na hauachi takataka zijikusanye mferejini.

Je, kwa watu wenye presha msimamizi huyu hufanya kazi? Mwaka 1990 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya jaribio lililofanywa kwa mikono ya watu. Waliwatia watu wenye presha na watu wasio na presha dawa ile ile ya asetilikolini katika mshipa wa mkono, wakapima damu iliyopita. Kwa watu wazima wa afya, damu iliongezeka sana. Kwa wenye presha, iliongezeka kidogo tu. Kisha wakawatia dawa nyingine, ambayo huulegeza msuli moja kwa moja bila kupitia kwenye utando. Safari hii hapakuwa na tofauti kati ya makundi mawili.

Fikiri maana yake, mkulima. Msuli wa mshipa wa mwenye presha ulikuwa tayari kulegea. Haukulegea kwa sababu ujumbe haukufika. Swali likawa: ujumbe umepotelea wapi?

OKSIJENI KALI NI KITU GANI?

Kila chembe ya mwili wako huchoma chakula kwa msaada wa oksijeni ili ipate nguvu, kama vile jiko linavyochoma kuni. Jiko zuri nalo hurusha cheche mojamoja. Mwilini pia, sehemu ndogo ya oksijeni hutoka katika kazi hiyo ikiwa imechukua elektroni moja ya ziada. Oksijeni ya namna hii huitwa supaoksaidi. Haina utulivu. Hutafuta cha kushika, na ikishika kitu hukigeuza, kama kutu inavyokigeuza chuma. Katika makala haya tutaiita yeye na jamaa zake kwa jina moja, oksijeni kali.

Wakulima wengi mmewahi kuona kazi ya oksijeni kali kwa macho bila kujua jina lake. Iko dawa ya kuua magugu iitwayo paraquat, iliyoanza kuuzwa mwaka 1962. Mtu akiinyunyiza asubuhi penye jua, kufikia jioni majani yameanza kunyauka kana kwamba yamemwagiwa maji ya moto. Dawa hiyo hufanya jani lenyewe litoe supaoksaidi nyingi mno, na jani huangamia kwa oksijeni yake lenyewe. Mtu akiinywa, hata kidogo, mapafu yake huharibiwa kwa njia hiyo hiyo, ndiyo sababu nchi nyingi zimeipiga marufuku.

Usidhani, hata hivyo, kwamba oksijeni kali ni adui siku zote. Seli nyeupe za damu huitumia kuulia vijidudu vya maradhi. Mwili pia una walinzi wake. Mwaka 1969 wataalamu wawili wa Marekani, Joe McCord na Irwin Fridovich, walieleza kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuikamata supaoksaidi na kuigeuza. Kimeng'enya kingine huipokea hapo na kuigeuza iwe maji na oksijeni ya kawaida. Maadamu cheche ni chache na walinzi ni wengi, hakuna hasara. Hasara huanza cheche zinapozidi walinzi. Hali hiyo huitwa msongo wa oksijeni.

JINSI UJUMBE UNAVYOPOTEA

Sasa twaweza kujibu swali letu. Mwaka 1986 wataalamu walionyesha kwamba supaoksaidi huuharibu ule ujumbe utokao kwenye utando, na kwamba kikiongezwa kile kimeng'enya cha kuikamata supaoksaidi, ujumbe huishi muda mrefu zaidi. Tangu hapo mambo matatu yamefahamika.

La kwanza: supaoksaidi ikikutana na nitriki oksaidi, huungana nayo papo hapo. Gesi njema huisha kabla haijaufikia msuli. Ni kama mjumbe aliyetumwa kwa jirani, akakamatwa njiani. Msuli haupati habari, basi hubaki umejikaza.

La pili: muungano huo huzaa kitu kingine kikali zaidi, kiitwacho peroksinitriti. Kitu hiki hukiharibu kisaidizi kidogo ambacho utando hukihitaji ili kutengeneza gesi njema. Kisaidizi kikikosekana, kimeng'enya kile kile kilichokuwa kikitoa nitriki oksaidi huanza kutoa supaoksaidi. Hapo kiwanda kilichokuwa kikitengeneza dawa sasa kinatengeneza sumu. Mwaka 2003 jambo hili lilionyeshwa wazi katika panya waliofanywa wawe na presha kwa homoni na chumvi.

La tatu: oksijeni kali ikikaa siku nyingi huuamsha msuli wa mshipa unenepe, huongeza nyuzi ngumu katika ukuta, na huita seli nyeupe za damu zije kana kwamba pana kidonda. Mshipa uliokuwa unanyumbulika kama mpira mpya huanza kuwa mgumu kama mpira uliokaa juani miaka mingi.

OKSIJENI KALI HUTOKA WAPI KWA WINGI?

Baadhi yake hutoka katika kuchomwa kwa chakula, kama tulivyosema. Lakini ukuta wa mshipa una kimeng'enya kingine ambacho kazi yake hasa ni kutengeneza supaoksaidi. Kwa kiasi kidogo hutumika kupeleka habari ndani ya seli. Kikichochewa kupita kiasi, hudhuru.

Kichochezi chake kikubwa ni homoni iitwayo angiotensini. Mtu akitokwa na damu au akipungukiwa na maji na chumvi mwilini, figo hutoa ishara, na mwisho wa ishara hiyo ni angiotensini. Homoni hii hubana mishipa na kuziamuru figo zishike chumvi na maji, ili presha isishuke mno mtu akazimia. Ni msaada mwema wakati wa hatari. Lakini kwa watu wengi wenye presha, homoni hii hufanya kazi wakati hakuna hatari yoyote. Mwaka 1994 wataalamu wa Atlanta, Marekani, walionyesha kwamba angiotensini hukiamsha kile kimeng'enya kitoe supaoksaidi katika seli za msuli wa mshipa. Miaka 2 baadaye ilionekana vivyo hivyo katika mishipa ya panya waliopewa homoni hiyo.

Kuna wachochezi wengine. Moshi wa tumbaku huja na oksijeni kali yake yenyewe, na pia huuchokoza ukuta wa mshipa utoe nyingine. Sukari iliyozidi katika damu ya mwenye kisukari hufanya hivyo, na unene wa tumbo pia. Chumvi nyingi nayo imeonekana katika wanyama kuongeza oksijeni kali katika mishipa na kupunguza walinzi wake.

KORONGO LINALOJICHIMBA

Kila mkulima wa milimani anajua korongo linavyoanza. Maji ya mvua huchimba kamfereji kadogo. Kamfereji hako hukusanya maji zaidi, na maji zaidi huchimba zaidi, mpaka nusu ya shamba imekwenda mtoni. Lililokuwa tokeo limekuwa sababu.

Presha nayo huenda hivyo. Oksijeni kali hupoteza gesi njema, na mishipa hubana. Mishipa ikibana, presha hupanda. Presha ikipanda, ukuta wa mshipa hunyoshwa kwa nguvu, na kule kunyoshwa kwenyewe huufanya utoe oksijeni kali zaidi. Mishipa midogo ya figo nayo huharibika, figo hushindwa kutoa chumvi vizuri, na presha hupanda tena. Kwa hiyo haisemwi kwamba oksijeni kali ndiyo asili pekee ya presha. Uzazi, chumvi, unene, umri na figo vyote vina sehemu yao. Inayosemwa ni kwamba oksijeni kali huliweka gurudumu lizunguke, na kila mzunguko hudhuru zaidi kuliko ule uliotangulia.

Jambo baya kuliko yote ni kwamba gurudumu hili huzunguka kimya. Utando wa mshipa hauumi. Mtu anaweza kulima, kubeba gunia na kucheka na wenzake miaka 10 huku mishipa ya ubongo, moyo, macho na figo ikiharibika. Wengi hujua siku mkono unapolegea na kikombe kuanguka.

TULIVYOKUWA NA TULIVYO SASA

Wengine husema presha ni ugonjwa wa kuandikiwa, hauepukiki. Habari za nchi yetu wenyewe zasema vingine. Mwaka 1929 daktari mmoja, C. P. Donnison, aliandika habari za watu 1,000 aliowapima presha sehemu za Kavirondo, yaani Nyanza ya leo. Aliona kwamba presha yao haikupanda kwa uzee kama ilivyopanda kwa watu wa Ulaya. Watu hao walikula nafaka, maharagwe, mboga na samaki, wakatembea kwa miguu, na chumvi ya dukani ilikuwa chache.

Mwaka 1990 yalitolewa matokeo ya uchunguzi mwingine, wa Waluo waliohama vijijini kwenda kukaa Nairobi. Wakilinganishwa na wenzao waliobaki nyumbani, presha yao ilikuwa imepanda katika miezi ya kwanza tu ya kukaa mjini. Mkojo wao ulionyesha kwamba walikuwa wakila chumvi zaidi, na potasiamu kidogo zaidi. Potasiamu ni madini yapatikanayo katika mboga, ndizi, viazi na maharagwe.

Damu yao ilikuwa ile ile ya wazazi wao. Kilichobadilika ni sufuria na mwendo wa maisha. Nawe, mkulima wa skimu, usijidanganye kwamba kwa kuwa hukai mjini umesalimika. Siku hizi chumvi, mchemsho wa pakiti, mafuta mengi na soda vimefika hata kwenye kibanda kilicho mbele ya lango lako.

JE, DAWA ZA "KUONDOA OKSIJENI KALI" ZAFAA?

Watu walipofahamu habari za oksijeni kali, wengi walifikiri hivi: vitamini E na vitamini C huikamata oksijeni kali, basi tumpe mgonjwa vidonge vyake, mishipa itapona. Wazo lilikuwa zuri, nalo likajaribiwa kwa uangalifu mkubwa. Katika jaribio lililotangazwa mwaka 2000, watu zaidi ya 9,000 waliokuwa katika hatari ya ugonjwa wa moyo walipewa ama vitamini E, ama vidonge vitupu, kwa muda wa miaka 4 na zaidi. Idadi ya waliopatwa na ugonjwa wa moyo na kiharusi haikutofautiana. Mwaka 2002 Uingereza ilitoa matokeo ya watu zaidi ya 20,000 waliopewa vitamini E, vitamini C na beta karotini kwa miaka 5. Hawakupata faida yoyote ya moyo wala mishipa.

Kwa nini? Supaoksaidi huikamata nitriki oksaidi kwa kasi kubwa mno, mara maelfu kwa maelfu kuliko vitamini inavyoweza kuikamata supaoksaidi. Vitamini hufika wakati mjumbe amekwisha kukamatwa. Tena, kumeza vitamini huku chanzo kinaendelea ni sawa na kuyateka maji ya mafuriko kwa kikombe, na lango la mfereji limeachwa wazi. Ifaayo ni kufunga lango.

Kwa hiyo mtu akikuuzia chupa ya kuondoa oksijeni kali, jua kwamba hata vitamini safi zilizopimwa kwa mizani ya hospitali hazikufaulu. Pesa hizo zitakufaa zaidi ukinunulia mbegu ya mboga. Hasara kubwa zaidi ni ya yule anayeacha vidonge vya daktari kwa sababu ya chupa hiyo.

YALIYO NA FAIDA

1. Pimwa. Mtu mzima yeyote apimwe presha angalau mara moja kwa mwaka, hata kama hajisikii vibaya. Kabla ya kupimwa kaa kitini dakika 5 ukiwa umetulia, mgongo umeegemea, mkono umepumzishwa juu ya meza. Usivute sigara wala kunywa kahawa nusu saa kabla. Presha ikiwa 140 juu ya 90 au zaidi, rudi upimwe siku nyingine. Ikionekana hivyo tena, una ugonjwa wa presha.

2. Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani lashauri chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kisichozidi kijiko kimoja cha chai kwa mtu mmoja, pamoja na ile iliyomo ndani ya mkate na vyakula vya pakiti. Chumvi isiwekwe mezani.

3. Kula mazao ya shamba lako. Sukuma wiki, mchicha, kunde, maharagwe, ndizi na viazi vina potasiamu. Jaribio la Marekani la mwaka 1997 lilionyesha kwamba chakula chenye matunda na mboga nyingi, pamoja na maziwa yaliyotolewa mafuta, kiliishusha presha ya wenye ugonjwa kwa kiasi cha alama 11 za namba ya juu. Usiuze mboga zote, ukawanunulia watoto mkate. Lakini mwenye ugonjwa wa figo amwulize daktari kwanza, kwa maana kwake potasiamu nyingi yaweza kuwa hatari.

4. Acha tumbaku, ya kuvuta na ya kunusa. Pombe pia ipunguzwe.

5. Tembea. Damu inapopita kwa kasi wakati wa kazi, huusugua utando, nao huitikia kwa kutengeneza gesi njema zaidi na kuongeza walinzi. Anayelima kila siku amekwisha kupata sehemu yake. Anayekaa dukani au kwenye pikipiki mchana kutwa hajapata.

6. Meza dawa kila siku. Dawa kama enalapril na losartan huzuia kazi ya angiotensini. Yaani zinafunga lango lile lile tulilolitaja. Nyingine, kama amlodipine, huulegeza msuli wa mshipa, na nyingine husaidia figo kutoa chumvi. Daktari ndiye anayechagua. Mwanamke mwenye mimba, au anayetarajia kupata mimba, lazima amwambie daktari, kwa sababu enalapril na losartan humdhuru mtoto tumboni.

7. Jihadhari na dawa za maumivu. Mkulima akiumwa mgongo hukimbilia duka la dawa kununua diclofenac au ibuprofen. Dawa hizi zikitumiwa siku nyingi hupandisha presha na kuumiza figo. Mwambie muuza dawa kwamba una presha.

MASWALI AMBAYO HUULIZWA

Nimemeza dawa miezi 3, na presha imeshuka. Je, niache? La. Presha imeshuka kwa sababu unameza dawa. Aliyejenga matuta ya kuzuia mmomonyoko hayabomoi kwa kuwa mwaka huu korongo halikuongezeka. Ukiona dawa inakuletea kikohozi, kuvimba miguu au kizunguzungu, rudi kliniki ubadilishiwe. Usiiache kimyakimya.

Sisikii kichwa kuuma. Presha yaweza kuwa juu? Ndiyo. Wengi wenye presha hawaumwi chochote. Mashine peke yake ndiyo ijuayo.

Baba yangu alikufa kwa kiharusi. Je, nami ni lazima? Si lazima, lakini hatari yako ni kubwa kuliko ya jirani. Anza kupimwa mapema, na watoto wako wakifika umri wa utu uzima wapimwe pia.

Mishipa iliyokwisha kuharibika hupona? Ukuta uliokuwa mgumu kwa miaka mingi haurudi kuwa mpya. Lakini utando wa ndani una uwezo wa kujitengeneza. Mtu akiacha tumbaku, akishusha presha na kufanya kazi za mwili, utando hurudia sehemu ya kazi yake. Ndiyo sababu haifai kukata tamaa hata kwa mzee.

Basi, mkulima, siku ya kupeleka maziwa au kwenda sokoni, pitia zahanati iliyo karibu, wewe na mwenzako wa nyumbani, mkapimwe. Kazi hiyo huchukua dakika chache. Andika namba zote mbili pamoja na tarehe katika daftari lako la shamba, penye hesabu ya maziwa na mbolea, ili safari ijayo uweze kulinganisha.